Hamali wa Elimu

Jumatano iliyopita mvua ilinyesha juu ya soko la wanawake hapa Ibra, Oman, ile mvua ya ghafla inayoshuka kutoka milimani na kuondoka kabla watu hawajakubaliana wakimbilie wapi. Muuzaji mmoja alikuwa ameacha mzigo wa mchele nje ya kibanda chake. Haukuwa mfuko wa nailoni tuliouzoea siku hizi. Lilikuwa gunia lenyewe, la nyuzi nene za rangi ya udongo, na lilikuwa limerowa. Nilipopita karibu nalo harufu yake ikanisimamisha. Binti yangu alidhani nimeshikwa na kizunguzungu, akaniuliza kwa Kiarabu nina nini. Ilikuwa harufu ya bega la Babu.

Wenzangu wa rika langu, tuliozaliwa huku na wazazi waliotoka kule Unguja, mtanielewa. Ndani ya nyumba Kiswahili, nje ya mlango Kiarabu, na baina ya lugha hizo mbili kuna kizingiti ambacho mtoto hukivuka mbio bila kukitazama, akajikwaa. Mimi nilijikwaa katika neno moja, na kusema kweli sijui kama nimeshainuka.

Babu, baba yake baba yangu, aliondoka kwao Samad Ash Shan, si mbali na hapa, hana hata ndevu, akaenda Unguja. Alirudi mzee, mkewe amemzika kule, na mwanawe mmoja ndiye huyo baba yangu aliyepata kazi ya ofisini hapa Ibra. Baba alikuwa mtu wa pasi. Kanzu yake ilinyooka asubuhi na ikarudi jioni imenyooka vilevile, kama kwamba siku nzima alikuwa ametundikwa. Babu hakuwa na haja na pasi. Mahali alipopapenda ni stoo, chumba cha nyuma tulichowekea tende, na humo alikuwa na gunia lake moja, kuukuu, alilolikunja mara nne akalikalia. Mama alishamnunulia mto wa kukalia wenye maua. Babu alimshukuru sana, akaulaza mto juu ya rafu.

Mchana, Baba akiwa kazini, nilikuwa nikiingia stoo na kumwamkia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Umeniletea nini?"

"Sina kitu."

"Mke gani huyu anakuja mikono mitupu? Nitakuacha."

Kisha alikuwa ananihadithia. Alinihadithia bandari ya Unguja, magunia yanayoteremshwa, na gari la magurudumu mawili lililovutwa na watu, si ng'ombe wala punda. Mmoja alikaa mbele katikati ya mikono ya gari, wengine wakasukuma nyuma, na katika vichochoro vile vyembamba alikuwa akipiga ukelele watu wampishe: "Habedari! Habedari!" Hapo Babu aliinuka nusu kutoka kwenye gunia lake, mishipa ya shingo ikamsimama, nami nikajibana ukutani nisigongwe na gari ambalo halikuwapo. Alinifundisha na adabu za kazi. Mzigo mkubwa, alisema, mahamali hupokezana njiani, na anayekuja kukupokea humwambii hapana, maana kukataa kupokewa ni kiburi. "Isipokuwa mzigo mmoja tu," aliniambia. "Sanduku la bibi harusi. Hilo ukilitia begani umelitia. Unalifikisha mlangoni mwenyewe."

Hivyo nilijua kwamba Babu alikuwa hamali, kama nilivyojua kwamba mwezi ni mviringo. Sikujua kwamba hilo ni jambo la kufichwa. Niliona tu kwamba gari la Baba likisikika linaingia uani, Babu huikata hadithi katikati, akavuta tasbihi yake, na uso wake ukawa wa mtu mwingine. Na wageni wakiuliza mzee alikuwa akifanya nini Unguja, Baba hujibu upesi, "Alikuwa bandarini," halafu huwasogezea halwa.

Likizo ya kiangazi mwaka ule tulipelekwa kusoma katika chumba kilichoungana na msikiti. Asubuhi tulihifadhi Qur'ani, na baada ya mapumziko tulisoma habari za wanavyuoni wa mwanzo. Mwalimu wetu, Ustadha Thuraya, alikuwa binti wa Nizwa aliyeolewa hapa, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alikuwa akihadithia mambo ya zama za taabiina, wale waliowafuata masahaba, kama habari za jirani aliyehama juzi. Kiyoyozi kilikuwa kikidondosha maji kwenye ndoo, tone baada ya tone, na mpaka leo nikisikia maji yanadondoka naikumbuka Basra.

"Basra," alituambia, "ulikuwa mji wa vitabu na wa majasusi." Tukasogea mbele. Akatueleza kwamba watu walikwenda huko kutoka kila pembe kuwasikiliza waliowaona masahaba wa Mtume, rehema na amani zimshukie, na kwamba mmoja katika wakubwa wa elimu kule alikuwa mtoto wa huku kwetu, wa karibu na Nizwa. Alipofika hapo alirekebisha shela yake kidogo, kama aliyesifiwa yeye. Kisha akaja shekhe mwingine, msusi wa makapu. Shekhe huyu aliwafundisha wanafunzi wake chini ya ardhi kwa kuwaogopa askari wa gavana. Mlangoni alikaa mtu ameshika mnyororo. Askari akipita, mtu yule huutikisa mnyororo, na kule chini sauti zote hunyamaza, kila mtu akashika makuti yake akasuka. Askari akishapita mnyororo hutikiswa tena, na somo likaendelea pale pale lilipokatika.

"Wanafunzi hao walipoiva," alisema Ustadha, "shekhe akawatuma. Huyu Oman, huyu Yemen, huyu Khurasani, hawa Maghribi. Wao ndio walioleta huku hii dini tunayoisoma hivi leo. Watu hao wanaitwa hamalatul-ilm, waliobeba elimu."

Nilihisi kama nimetajwa jina langu. Hamala! Hamali! Sikusikia tena kitu kingine. Niliwaona waziwazi bandarini Basra, miguu mitupu, magunia ya elimu vichwani, midomo ya magunia imefumuka kidogo na herufi zinadondoka njiani, alifu moja inabingirika hadi mtaroni. Na mbele yao mwenye mabega mapana anapiga ukelele: "Habedari!"

Nikanyoosha mkono. "Ustadha, walikuwa na magari ya kuvuta?"

"Magari gani, binti yangu, zama zile? Kwa miguu, na kwa ngamia."

Basi Babu amewazidi, nikasema moyoni. Babu alikuwa na gari.

Mchana ule nilikimbia hadi stoo na viatu vyangu miguuni, jambo ambalo Mama alilipigia kelele kutoka jikoni. "Babu! Tumesomeshwa habari zenu leo!"

"Habari za nani?"

"Mahamali! Ustadha amesema bila nyinyi Oman isingekuwa na dini!"

Babu alinitazama muda mrefu. Nilimweleza yote, Basra, makapu, mnyororo, na lile neno. Akataka nilirejee. Nikalirejea: hamalatul-ilm. Akalisema na yeye, polepole, kwa Kiarabu chake cha Samad kilichokuwa kizuri kuliko changu, kama mtu anayeonja tende ya mwaka mpya. Kisha akasema, "Haya. Ustadha wako Mungu ampe umri." Na siku ya pili, nilipoingia, kabla sijaamkia akaniuliza, "Na leo wamesemaje juu yetu?"

Ndipo tulipoanza mchezo wetu. Stoo ikawa ndiyo Basra. Yeye alikuwa shekhe, mimi mlinzi wa mlangoni, na mnyororo wetu ulikuwa ule mtungo wa funguo kuukuu uliotundikwa msumarini. Gari la Baba likisikika mimi hutikisa funguo, cheke cheke cheke, na Babu hunyamaza akashika kikapu cha tende akajifanya anachagua mbovu. Baba akipita mlangoni na kanzu yake iliyonyooka, anaona mzee na mtoto wanachagua tende. Akishaingia ndani natikisa tena, na Babu huendelea pale pale alipokatika. Katika akili yangu nilikwishamfanya baba yangu, aliyenipenda na kunilisha, kuwa askari wa gavana wa Basra. Sikumchukia kwa hilo. Niliona tu kwamba kila nyumba ina shekhe wake na askari wake.

Kilichonitatiza zaidi kilitoka kwenye Qur'ani yenyewe. Asubuhi moja tulihifadhi sura ya Ijumaa, na Ustadha akatufasiria ule mfano wa waliobebeshwa Kitabu kisha wasikibebe, kwamba ni mfano wa punda anayechukua vitabu vikubwa. Rahma, aliyekaa karibu nami na ambaye kwao pia walisema Kiswahili, aliniinamia sikioni.

"Sikia! Babu yako huyo."

"Babu yangu hamali, si punda."

"Kwani hamali ni nini? Si punda wa miguu miwili?" Akacheka mpaka akafukuzwa nje akanawe uso.

Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Ikiwa waliochukua elimu wanasifiwa, na punda aliyechukua vitabu anatiwa aibu, na wote wawili wamebeba, basi tofauti iko wapi? Nikamuuliza Babu. Nilitaraji akasirike, au anipe jibu la kumnyamazisha Rahma. Babu alifikiri, akakuna goti.

"Punda hajui alichobeba," alisema.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Mara nyingine. Mara nyingi sikujua, mke wangu. Gunia limeshonwa mdomo, sanduku limepigiliwa misumari. Unaambiwa peleka nyumba ya fulani, unapeleka. Hamali hafungui."

Jibu hilo halikunisaidia chochote. Nililala nalo na kuamka nalo. Nilikuwa nimehifadhi juzuu kadhaa kwa wakati ule na nusu ya maneno yake sikuyafahamu. Nilikuwa nikiyachukua yalivyoshonwa. Nikaingiwa na hofu kwamba punda ni mimi.

Katikati ya yote hayo likaja jambo la dada yangu Zuwena. Zuwena alikuwa amemaliza skuli, na mwalimu mmoja kijana wa Al Qabil, jina lake Said, alikuwa ametuma watu kumuulizia. Zuwena alikuwa amemwona mara moja tu, kwenye harusi ya jamaa, na tangu siku hiyo alikuwa akiosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nilijua anamtaka kwa sababu kila alipotajwa Said yeye alikuwa akiniuliza mimi mambo ya skuli yangu, asiyoyajali hata kidogo. Ila watu wa Said walikuwa watu wa kupima. Ukoo wetu waliujua, hawakuwa na neno nao. Walichotaka kujua ni mzee wetu aliishije kule Unguja, maana kwao mtu hupimwa kwa ukoo wake na kwa kazi ya mikono ya baba zake pia, na kuna kazi ambazo wao hawazitii katika mizani hata kidogo. Babu yake Said, Mzee Khalfan, alikuwa anakuja mwenyewe na wanawe kulisikia hilo kwa masikio yake.

Siku moja kabla ya kuja kwao Baba aliingia stoo. Nilikuwa nimetikisa funguo mapema, kwa hiyo Babu alikuwa na tende mkononi.

"Baba," alisema baba yangu, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyozoea, "kesho wakiuliza nitajibu mimi. Wewe kunywa kahawa tu."

"Nitakunywa kahawa."

"Si kwamba nina haya na wewe."

"Sijasema."

"Ni kwa ajili ya mtoto. Unamwona alivyo."

"Namwona," alisema Babu. "Nenda mwanangu. Nitakunywa kahawa."

Baba alisimama pale kidogo, akalitazama gunia alilokalia Babu, akatoka. Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa. Wageni wakubwa wanakuja kuuliza Babu alikuwa nani, na sisi tuna jibu linalosomeshwa msikitini. Kwa nini tunalificha? Nilimwuliza Mama. Mama alikuwa anakaanga vitunguu, akasema, "Mambo ya wakubwa hayo, hebu nitolee majani ya chai." Nilimwuliza Zuwena. Zuwena alinishika mabega kwa mikono yote miwili. "Wallahi ukifungua mdomo wako kesho," aliniambia, "sitasema na wewe mpaka Kiama." Kisha akanibusu kwenye paji la uso, jambo lililonichanganya zaidi.

Walikuja baada ya sala ya alasiri. Majlis, chumba cha wageni, ilijaa harufu ya udi na kanzu mpya. Mzee Khalfan alikuwa mfupi, mwenye fimbo nyembamba na macho yasiyopepesa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa bado mdogo, nilipewa kazi ya kuingiza sahani ya tende kisha nitoke. Niliingia, nikaiweka, sikutoka. Nilikaa karibu na mlango kama mlinzi, maana hiyo ndiyo kazi niliyoizoea.

Waliulizana hali, na hali za mvua, na hali za mifereji ya mashamba ya Al Qabil, na habari za wafu na wazima. Babu alikunywa kahawa. Wengine wakitikisa vikombe, ishara kwamba wametosheka, yeye hakutikisa, aliendelea kujaziwa. Mwisho Mzee Khalfan akaweka chake chini.

"Na wewe, ndugu yangu," alimwambia Babu, "Unguja umekaa umri mzima. Mungu alikuruzuku kwa njia gani kule?"

"Alikuwa bandarini," alisema Baba.

"Ndiyo. Bandarini kuna mambo mengi."

"Mizigo," alisema Baba. "Mizigo ya kuingia na kutoka." Na akaisogeza sahani ya halwa.

Nadhani mambo yangeishia hapo. Lakini mimi niliona mzee mwenye elimu anauliza swali, na jibu lake sahihi nalijua, na skuli walitufundisha kwamba anayejua hunyoosha mkono. Nikanyoosha mkono. Hakuna aliyeniona. Basi nikasema kwa Kiarabu changu kilichojaa Kiswahili, kwa sauti ya kusomea darasani: "Babu alikuwa hamali. Ni katika hamalatul-ilm!"

Kisha mmoja wa wana wa Mzee Khalfan akapasuka kwa kicheko, na mwingine, na hata Mzee Khalfan mdomo wake ukalegea. Baba akacheka pia, haraka, kwa sauti kubwa mno. "Mtoto!" alisema. "Wanasomeshwa msikitini, wanachanganya maneno. Sasa kila mtu kwao ni shekhe wa Basra." Wakacheka tena. Babu alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea. Hata mimi, bila kufahamu, nilihisi upepo wake. Na Baba, aliyekuwa ameshika funguo za gari lake mkononi, kwa wasiwasi tu, akazitikisa. Cheke cheke cheke.

Babu akanitazama. Nami nikamtazama. Mnyororo ulikuwa umetikiswa. Kwa sheria ya mchezo wetu alipaswa kunyamaza na kushika tende.

Babu akakitikisa kikombe chake, ishara kwamba ametosheka, akakiweka chini.

"Mtoto hajachanganya yote," alisema. "La kwanza ni kweli. La pili amenizidishia, Mungu amlipe kheri. Nilikuwa hamali, Mzee Khalfan. Nikivuta gari."

Baba alifumba macho. Wale waliokuwa wakicheka walianza kutazama zulia. Mzee Khalfan akauliza, na sikujua wala sijui mpaka leo kama aliuliza kwa dhihaka au kwa kutaka kujua:

"Na elimu je, hukuchukua hata kidogo?"

"Kulikuwa na shekhe mmoja karibu na sokoni," alisema Babu. "Masanduku yake kutoka melini nilikuwa nikimpelekea mimi. Mazito."

"Basi huenda vilikuwa vitabu."

"Huenda ilikuwa sabuni," alisema Babu. "Yalipigiliwa misumari."

Mzee Khalfan aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na sikuweza kuona kama anacheka. Aliomba maji ya kunawa. Hawakusoma Fatiha ya kukubaliana. Waliondoka kwa heshima zote, na vumbi la magari yao lilikaa juu ya barabara muda mrefu.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa kama chumba chenye mgonjwa. Zuwena alitimiza ahadi yake, hakusema nami. Hakumsema Babu vibaya, lakini chai yake alimpa mtu mwingine ampelekee. Baba alikuwa akienda kazini mapema na kurudi akiwa amechoka, na kanzu yake kwa mara ya kwanza ilikuwa na mikunjo. Jioni moja nilimwona amesimama mlangoni pa stoo bila kuingia. Babu alisogea kwenye gunia lake, akaacha nafasi. Baba hakukaa. Lakini hakuondoka pia. Mimi nilikuwa na funguo mkononi na sikujua nitikise au nisitikise.

Nilichokuwa nimekiamini kilikuwa kimevunjika vipande, na kila kipande kilikuwa kweli. Msikitini neno lile lilikuwa heshima. Nyumbani lilikuwa msiba. Babu alisema kweli, na kusema kweli ni wajibu, na sasa dada yangu analia chooni akifungulia maji ili tusimsikie. Nilimwuliza Ustadha Thuraya kama wale wanafunzi wa Basra waliwahi kufanya kosa la kusema wakati mnyororo umetikiswa. Alinitazama kwa mshangao. Akasema, "Lazima walikuwapo. Lakini habari zao hazikuandikwa."

Kisha, mchana wa siku moja isiyo na dalili yoyote, lilisimama gari la Al Qabil, na wakateremka mama yake Said na shangazi zake na mkungu wa ndizi na vitambaa na halwa. Wamekubali. Mama alipiga kigelegele cha Unguja ambacho wageni wale hawakukizoea, wakashtuka, wakacheka. Zuwena alinikumbatia akanibana kifua hata nikakohoa. Babu, alipoambiwa, alisema Alhamdulillah, akaomba chai, na safari hii Zuwena alimpelekea mwenyewe.

Kwa nini walikubali? Nimeuliza swali hilo umri wangu wote, na nimepata jibu kwa kila niliyemwuliza. Baba alisema ni ukoo. Ukoo hauoshwi na mvua. Mama alisema ni dua zake za alfajiri. Zuwena alisema Said aliwaambia wazee wake kwamba ataomba uhamisho aende Sur na hatorudi. Mimi kwa miaka kadhaa niliamini kwamba Mzee Khalfan alikwenda akafungua vitabu vyake akamkuta Babu mle. Na Babu nilipomwuliza alisema, "Sanduku limepigiliwa misumari, mke wangu. Wewe pokea."

Nilipokuwa mkubwa kidogo tulifundishwa sarufi, nikaona kwa macho yangu kwamba maneno yale ni mawili, kila moja na mlango wake: mbebaji wa elimu hasemwi kwa umbo lile lile la mvuta mizigo. Nilikwenda kwa Babu nimeona haya mpaka masikioni. Alikuwa amedhoofika, anakaa kitandani, gunia limekunjwa chini ya miguu yake.

"Babu, ulijua kwamba si neno lile?"

"Nilijua."

"Siku ile ile?"

"Mimi Mwarabu wa Samad, mtoto wewe. Nisijue?"

"Kwa nini hukunikosoa?"

Akanyamaza kama aliyetikisiwa mnyororo. Kisha akasema, "Neno hilo nimeitwa nalo miaka kwa kelele. Hamali, njoo! Hamali, ondoa gari! Wewe ulikuwa wa kwanza kunitajia kwa adabu. Nikukatize vipi?"

Leo mimi ndiye ninayewasomesha mabinti, katika chumba kile kile, na kiyoyozi kipya hakidondoshi. Nikifika kwenye habari za Basra nawaambia makapu na mnyororo, kisha nalitaja lile neno na kusubiri kidogo. Hakuna anayenyoosha mkono kuuliza magari. Wajukuu wa Unguja wamo darasani, lakini neno hamali hawalijui, halikufika kwao. Wanaliandika sawasawa, kwa sarufi yake. Namshukuru Mungu kwa kufahamu kwao, na siku hiyo narudi nyumbani kimya.

Babu alifariki siku ya Ijumaa, asubuhi. Sisi wanawake tulipanda darini, juu ya nyumba, kulitazama jeneza linavyotoka. Mnajua desturi: wanaume hupokezana, kila mtu anataka ujira wake kwa Mungu, hata jeneza likawa kama linaelea juu ya mikono. Said, mume wa Zuwena, alikuwa mbele, upande wa kulia. Walipofika kwenye mfereji alikuja mtu kumpokea, Said akatikisa kichwa. Penye ukuta wa mitende akaja mwingine, akatikisa kichwa. Baba mwenyewe, kanzu yake imejaa vumbi, akamgusa bega. Said hakugeuka. Zuwena, aliyekuwa karibu nami, aliona ninavyomkodolea macho mumewe.

"Kiburi gani hicho?" nilimwuliza. "Si apokewe?"

"Babu alimhadithia sanduku la bibi harusi," alisema Zuwena.

Nikashika ukuta wa dari. Kule chini, kwenye kilima cha makaburi, Said alikuwa bado na bega lake chini ya mti wa jeneza, analifikisha mlangoni mwenyewe.